Maranda ya Kijani

Hawa alikuja kwangu Riruta Jumamosi moja alasiri, siku ya nane baada ya kumzika kaka yake Idi, amebeba bati la biskuti lililofungwa kwa leso. Mazishini hatukuonana, kwa sababu sikufika kwa wakati. Wanubi wa Kibera hawamlazi maiti, humzika siku hiyo hiyo. Habari ilinifikia saa tatu asubuhi, nikakaa kitandani nikitafuta soksi zinazofanana mpaka adhuhuri ikapita, na nilipofika makaburini wanaume walikuwa tayari wanakung'uta udongo viatuni. Soksi zilikuwepo. Nalisema hili mapema ili anayesoma ajue anasimuliwa na mtu wa aina gani.

Nilimkaribisha, nikachemsha chai. Aliweka bati mezani. "Kaka Wekesa, alisema hili upewe wewe. Na alisema nikuulize kitu. Mimi mwenyewe sikielewi." Nikamwambia aulize. "Yale maranda ya mwaka ule, ulikuwa unayapeleka wapi?" Nilimwambia chai inapoa. Nikainuka kutafuta sukari ambayo ilikuwa mbele yangu. Nimetimiza umri ambao watu huniachia kiti kanisani, na bado nilipoulizwa swali dogo kama lile nilitafuta kabati la kujifichia. Jibu nilimpa baadaye, siku hiyo hiyo. Lakini jibu lenyewe halina maana bila chumba kile cha Lindi, kule Kibera, kwa hiyo naanza na chumba.

Kilikuwa nyuma ya nyumba yao, chumba cha udongo kilichopakwa chokaa, dirisha moja, bati moja la paa limetobolewa na kuwekwa plastiki ili mwanga uangukie mezani. Idi mchana alikuwa fundi wa cherehani, mikono yake inanuka mafuta ya mashine, na jioni kabla ya magharibi, na Jumapili nzima, alikuwa mtu mwingine. Alikuwa amechukua cherehani moja ya miguu iliyokufa, akaacha kanyagio, gurudumu na ukanda wa ngozi, akatoa kichwa, na mahali pake akajenga mikono miwili ya mbao inayopanda na kushuka, ikivutwa na mpira wa tyubu ya baiskeli. Kati ya mikono ile alifunga wembe wa msumeno mwembamba kama uzi. Kwa mashine hiyo alikata bata, ramani, majina ya watoto, maua ya kuwekwa juu ya milango, na marufaa ya kusomea msahafu yaliyokatwa kwa ubao mmoja bila msumari. Hakuuza. Aliwapa watu. Kila kitu humo ndani kilikuwa na mahali pake: jiriwa ndogo tatu, keekee ya mkono ya kutoboa tundu la kupitishia wembe, msasa uliopangwa kutoka mkali hadi laini kama sikio la paka, karatasi za kaboni ndani ya bahasha, penseli iliyochongwa kwa kisu. Nyembe zenyewe zilikaa ndani ya bati la biskuti, hili hili, zikiwa zimefungwa mafungu kulingana na meno yake na kupakwa nta ya mshumaa zisishike kutu. Meno yaangalie chini, aliniambia siku ya kwanza, na ukishafunga, gusa wembe kwa ukucha. Ukilia ting, kata. Ukilia kama mtu aliyeamshwa, kaza tena.

Kitu nilichokipenda zaidi kilikuwa kibofu. Mtu anayekata kwa msumeno ule hawezi kufuata mstari kama vumbi limeufunika, na vumbi hulala hapo hapo kwenye mstari, kila pigo. Idi alichukua kibofu cha mpira wa miguu, akakifunga chini ya meza ili kila anapokanyaga, kijiti kikibonyeze, na pumzi itoke kwa mrija mwembamba hadi kwenye meno ya wembe. Fuu, fuu, kama mama anayempozea mtoto uji. Ukikaa mlangoni ukifumba macho ungedhani kuna kitu kizima kinapumua mle ndani.

Nilikuwa na miaka ishirini na minne, cheti cha kidato cha nne ndani ya karatasi ya plastiki, na hakuna aliyekitaka. Nilikuwa nimepanga chumba nyumba ya tatu kutoka kwao. Nilianza kwa kwenda kutazama, kisha nikapewa msasa, kisha nikawa napewa chakula. Mama Idi alikuwa akitengeneza gurusa, ule mkate mwembamba wa Kinubi, tukila kwa mchuzi wa njugu, na chai yenye tangawizi ya kukwaruza koo. Alipikia jiko la maranda: unasimamisha chupa katikati ya debe, unashindilia maranda pande zote, unaichomoa chupa polepole, na tundu linalobaki ndilo linalowaka mchana kutwa. Kila alasiri alikuja mlangoni na karai lake. "Wanangu, leo mmenikatia chakula?" Nasi tulimjazia maranda ya plaiwudi na ya mbao za masanduku.

Niliyeifanya ile starehe iwe kazi ni mimi. Mwenye nyumba mmoja wa Kawangware, jina lake Mbugua, aliona maua ya juu ya mlango wa jirani akataka kama hayo kwa vyumba vyake vyote, ya kuingizia hewa juu ya kila mlango. Idi alicheka. "Mimi sina duka, mzee." Nikamfuata Mbugua hadi nje nikamwambia tutatengeneza. Idi hakunigombeza, aliniambia tu, "Wekesa, hii ni starehe. Ukiifanya kazi itakasirika." Nilidhani ni mzaha. Tukakata vibao kumi na viwili vya kwanza. Mvua za masika zikapita, na Mbugua akarudi ameshika kimoja mkononi. Alikigonga kwa kidole, na unga ukamwagika sakafuni. "Vijana, mmeniwekea chakula cha mchwa juu ya milango yangu." Idi alikuwa tayari kuacha. Alimwomba radhi, akamwambia basi, tutakurudishia. Mimi nilikuwa nimeshachora kichwani kibao chenye jina langu, Wekesa na Idi, langu likitangulia, na nikasema nipeni wiki moja, nitapata mbao ambayo mchwa hawezi.

Niliipata Kawangware, kwa mzee mmoja mwenye uwanja wa mbao tuliyekuwa tukimwita Guka, yaani babu. Nyuma ya uwanja wake zilikuwa zimelala nguzo kuukuu za waya, zimeng'olewa sijui wapi, na alikuwa akizipasua. Ndani mbao ilikuwa na rangi ya kijani iliyofifia, kama sarafu iliyokaa kwenye maji.

"Hii mchwa hata akiiota anakufa," Guka alisema.

"Ni mti gani?"

"Mti ni mti tu. Ni dawa. Zilizamishwa kwa dawa mpaka zikalewa." Alinipasulia vibao vyembamba kama daftari, akavifunga kwa kamba, kisha akanishika mkono kabla sijaviinua. "Sasa skiza, kijana. Hii si ya kupikia. Kuna mama hapa nyuma alipikia githeri, watoto wakatapika siku mbili. Hata maranda. Ukikata, maranda zika."

"Nimesikia, Guka."

"Umesikia ama umeitikia?"

Nikacheka. Nikaweka vibao begani nikavuka barabara ya Ngong nikashuka navyo hadi Lindi. Nimepata miaka mingi ya kulijibu lile swali lake. Niliitikia.

Idi alikipeleka kibao puani. "Inanuka kama betri." Nikamwambia, "Ni mafuta ya nguzo tu, itaisha." Hayo ndiyo maneno yangu yote. Watu hufikiri uongo unaoharibu maisha ya mtu ni mkubwa, una mipango. Wangu ulikuwa maneno sita, tena niliyasema nikiwa nimechuchumaa natafuta msasa. Kwa nini sikumwambia? Kwa sababu nilimjua. Angeviweka vile vibao chini, akanawa mikono, akarudi kwa bata wake, na mimi ningerudi kukaa mlangoni kwangu na cheti changu. Yeye alikuwa na ufundi wa kumlisha. Mimi nilikuwa na yeye.

Alasiri ile Mama Idi alikuja na karai. Maranda yalikuwa yamejaa chini ya mashine, laini kuliko ya kawaida, yenye kijani ambacho ungekiona tu kama umeambiwa. Nilimwahi mlangoni. "Mama, haya nimemwahidi mtu wa kuku Kawangware. Wewe nitakuletea mazuri zaidi." Na kweli, kesho yake nilimletea gunia la maranda ya mkaratusi kutoka kwa Guka, safi, makavu. Akaniombea dua. Toka siku hiyo kila jioni nilifagia chini ya mashine, nikajaza gunia, nikalibeba hadi kando ya reli ambako kulikuwa na shimo, nikamwaga na kufukia kwa mguu. Nilisikia akimwambia jirani kupitia ukuta, "Huyu Mluhya ana adabu kuliko hawa niliowazaa. Hata kufagia hangoji kuambiwa." Nilikuwa nimeshika ufagio nilipoyasikia hayo. Niliendelea kufagia.

Nataka hili lieleweke vizuri. Mtu asiyejua hawezi kubeba gunia kila jioni. Nilijua ya kutosha kuilinda sufuria. Nilijiambia kwamba moshi ni kitu kimoja na vumbi ni kingine, kwamba Guka alisema usipikie, hakusema usikate. Yeye mwenyewe si alikuwa akipasua? Lakini Guka alipasua uwanjani, kwenye upepo, na leso usoni. Mimi nami nikaanza kupigia msasa nje, nikajifunga kitambaa puani. Idi alipouliza nikasema nina mafua. Alinitania, "Mafua gani ya miezi miwili? Unaficha meno?" Na chai ilipoletwa nilifunika kikombe changu kwa kisahani. Chake kilikaa wazi kando ya mashine, na baada ya muda ungeona utando juu yake, akiupuliza pembeni kabla ya kunywa.

Kisha kibofu kikapasuka. Ilikuwa miezi ya baridi, mpira umekauka, ukalia pa, na chumba kikanyamaza kwa namna ambayo sikuipenda. Kibofu kipya kilipatikana Kawangware, na mimi ndiye niliyekuwa nikienda Kawangware. Nikamwambia nitaleta. Siku ya kwanza nilisahau kweli. Siku ya pili nilikumbuka nikiwa nimeshavuka barabara, mizigo begani, nikaona tabu kurudi. "Kibofu?" aliuliza. "Kesho." Ikawa salamu yetu. Ningeingia, angeinua kichwa, "Kibofu?" nami, "Kesho, bana," naye angecheka. Angeweza kwenda kukinunua mwenyewe, lakini kwa Idi ahadi ya mtu ilikuwa kama kiti chenye mtu, hukikalii. Kwa hiyo akafanya wafanyavyo mafundi wote wa msumeno huu wasio na kipulizo. Aliinama mpaka pua ikawa shubiri moja kutoka kwenye wembe, akapuliza mstari kwa mdomo wake. Anapuliza, vumbi linainuka, anavuta pumzi, anapuliza. Kanyagio moja, pumzi moja. Maua ya Mbugua yalikuwa na mikunjo mingi, na kila mkunjo ulitaka macho karibu.

Paka wao ndiye aliyeondoka kwanza. Alikuwa na desturi ya kulala ndani ya maranda chini ya mashine, kwenye joto. Alikuja mara chache, akasimama mlangoni, kisha akahamia jikoni na hakurudi. Siafu waliokuwa wakipita kando ya ukuta nikawakuta wamekauka wamepangwa mstari, kana kwamba wameambiwa wasimame. Kisha sauti ya Idi ikakwaruza, na ngozi kati ya vidole ikapasuka. Jumapili moja alikuwa ameinama juu ya ua la mwisho la kibao, nami niko dirishani, nikaona tone jekundu likidondoka kwenye mstari wa kaboni, kisha la pili. Alijipangusa pua kwa kiganja, akakitazama, akatabasamu. "Nimetia sahihi," alisema. Akageuza kibao akaendelea kukata. Nilipokipiga msasa kile kibao damu ilitoka yote.

Kikohozi kilikuja na mvua za vuli. Kilikuwa kikavu, hakileti kitu. Mama Idi alimpa tangawizi, kitunguu saumu na asali, akamkanda kifua kwa mafuta. Nikiwa chumbani napanga vibao vilivyokuwa tayari, nilimsikia jirani akisema naye upande wa pili wa ukuta. "Mama Idi, hii si baridi. Kitu kinachomla mtu hivi hakitoki mbali. Ni mtu wa karibu." Nikasikia kijiko kikizungushwa kikombeni. "Wa karibu nani?" Mama Idi alisema. "Hapa tuko sisi na Wekesa." Wote wawili wakacheka kidogo, kicheko cha watu waliokosa mshukiwa. Niliketi kwenye kiti cha Idi. Wembe ulikuwa umefungwa. Niliugusa kwa ukucha, ukalia ting.

Siku iliyobaki kichwani mwangu kuliko zote ni ya hospitali. Idi alikuwa ameshindwa kupanda kilima kidogo cha kutoka Lindi bila kusimama mara nne. Nilikwenda naye mimi, kwa sababu nilikuwa kama ndugu. Niliishika sweta yake wakati daktari akimsikiliza mgongo. Daktari alikuwa kijana, mchovu, mpole. "Unavuta sigara?" Hapana. "Kuna mtu nyumbani ana kifua kikuu?" Hapana. "Unafanya kazi gani?"

"Fundi wa cherehani."

"Hakuna vumbi hapo. Na nyingine?"

Idi akacheka, kicheko kikageuka kikohozi, tukangoja. "Nyingine si kazi, daktari. Nacheza na mbao."

Daktari akaandika. Kisha akainua macho akaniangalia mimi, labda kwa sababu nilikuwa nimesogea. "Mbao gani?" aliuliza, na alituuliza sote wawili. Idi alinigeukia. Alinigeukia kwa imani, kama mtu anayemwachia mwenzake ajibu jambo analolijua zaidi. Nikasema, "Za kawaida." Daktari akapinda karatasi.

Sitadai najua alichokuwa akikijua daktari yule, au kama angeweza kufanya lolote. Sitadai hata kwamba nina hakika ni ule ubao. Watu huugua mapafu kwa sababu nyingi, na moshi wa Kibera ni mwingi. Lakini nilikuwa na jibu mdomoni na nikalimeza, na toka mchana ule sijawahi kuwa na haki ya kujifariji kwa kusema huenda. Idi aliishi. Hilo pia watu huniambia, kwamba mbona aliishi miaka mingi. Aliishi ameketi. Hakumaliza sentensi bila kupumzika katikati. Hakukanyaga ile mashine tena, maana kukanyaga kulitaka pumzi. Mimi nilimaliza vibao vya Mbugua mwenyewe, kitambaa puani, na mvua za masika ziliporudi nilihamia Kawangware nikafungua karakana. Nilimtembelea sikukuu zao zote za Kiislamu, kisha sikukuu moja kwa mwaka, kisha nikawa natuma salamu. Mama Idi alikufa bado akiniombea dua. Vibao vile viko juu ya milango hadi leo. Mabati ya nyumba zile yamebadilishwa mara mbili, milango imeoza na kuwekwa mingine, na juu yake maua ya Idi yamesimama, kila mkunjo mkali kama siku alipoukata. Mchwa hajagusa hata jani moja. Huwa nazunguka njia ya nyuma nisiyaone.

Sukari ilipoisha kutafutwa, nilirudi nikaketi mbele ya Hawa. Mwaka ule alikuwa darasa la sita. Alikuwa akija kuomba vipande vya kuchezea na mimi nikimfukuza, nikimwambia atajikata. Sasa ana wajukuu. Nikamwambia nilikuwa nikiyafukia kando ya reli. Akauliza kwa nini. Nikamwambia kuhusu Guka, na githeri, na gunia la mkaratusi, na kibofu, na kitambaa changu, na daktari. Nilimwambia kwa mpangilio, kama nilivyoandika hapa, na nilipofika kwenye neno "za kawaida" sauti yangu haikukatika. Ningependa kusema ilikatika.

Hawa hakulia. Alikuwa akikunja leso iliyofunga bati, pembe kwa pembe, ndogo na ndogo zaidi.

"Alisema ukiniambia yalikuwa ya kuku," alisema mwishowe, "nisikae. Nichukue bati nirudi nalo."

"Alijua lini?"

"Sijui. Aliketi miaka mingi, kaka Wekesa. Mtu akiketi sana anafikiri." Aliweka ile leso mkobani, akafunga zipu. Kisha akasema polepole, bila hasira, kama anayehakikisha amesikia vizuri, "Kwa hivyo sufuria ya mama uliihurumia."

Aliinuka, nikamsindikiza hadi getini, akaniaga kwa kuinua mkono bila kunipa. Niliporudi ndani bati lilikuwa mezani, langu sasa. Kando yake kikombe cha chai cha Hawa kilikuwa bado kimejaa, hajakigusa, na juu yake kisahani. Nilikuwa nimekifunika mimi.